Kuilinda Motokaa Isiharibiwe na Panya Gerejini



Katika vijiji vingi vya milimani, kuanzia Nyeri mpaka Nandi na Kisii, kuna motokaa ambazo hazitembei kila siku. Mwenyewe labda ni mtu wa kazi ya Nairobi au Nakuru, ambaye huja nyumbani mwisho wa mwezi, au ni mzee aliyestaafu, ambaye huitoa motokaa yake siku ya ibada na siku ya soko tu. Siku nyingine zote hukaa katika gereji ya mabati, mlango umefungwa kwa kufuli, na watu husahau habari zake. Lakini mtoto akishikwa na homa kali usiku wa manane, au mama akipatwa na uchungu kabla ya mapambazuko, kila mtu huikumbuka, na watu huja mbio kumgongea mwenyewe mlango.

Ichukuliwe kwa mfano habari ya mwalimu mmoja aliyestaafu, anayekaa upande wa Trans Nzoia. Mwezi wa Novemba mahindi yake yalikuwa mengi kuliko nafasi ya ghala, akaona ni vyema kuweka magunia kumi na mawili ndani ya gereji, nyuma ya motokaa. Zikapita wiki tatu bila kuiwasha. Usiku mmoja jirani akaja mbio, mkewe yu karibu kujifungua. Mwalimu akatia ufunguo na kuuzungusha; taa za dashibodi zikawaka zote pamoja kisha zikazimika, na injini isikubali kabisa. Boneti ilipofunguliwa, likaonekana juu ya injini furushi la majani makavu, vipande vya gunia, na pamba iliyonyofolewa katika viti. Chini ya furushi hilo nyaya zilikuwa zimeliwa mpaka shaba ikaonekana. Yule mama alipelekwa kwa pikipiki, akishikiliwa nyuma na shemeji yake, katika njia yenye matope. Alifika salama, akajifungua mtoto wa kike. Hata hivyo, hakuna mtu aliyekuwapo usiku ule ambaye angependa kuiona safari kama hiyo mara ya pili.

Fundi wa umeme wa magari alikaa siku mbili akitafuta nyaya zilizokatika. Huo ndio ubaya wa kazi ya panya: tairi likipasuka huonekana, lakini waya ulioliwa nyuma ya dashibodi hauonekani, na fundi hulipwa kwa saa za kutafuta kabla ya kulipwa kwa kutengeneza.

Yafaa kwanza kumfahamu adui mwenyewe. Panya waingiao gerejini si wa namna moja. Yuko panya mdogo wa nyumbani, ambaye uzito wake mara nyingi ni kama gramu 20 tu. Mimba yake huchukua siku 20 hivi, naye huzaa watoto watano au sita, na watoto hao wenyewe huanza kuzaa hata kabla hawajatimiza miezi miwili. Yuko tena panya wa shambani, mkubwa kuliko huyo, ambaye ndiye mharibifu mkuu wa mahindi katika Afrika ya Mashariki. Jike lake laweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huko Morogoro, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, wakaona kwamba wingi wake hufuata mvua. Mvua ikinyesha vizuri, majani na mbegu huwa tele, naye huzaana sana. Kisha mavuno yakiisha na mashamba yakabaki matupu, hutafuta pengine pa kula na pa kulala. Ndiyo sababu miezi ya baada ya mavuno ni ya hatari kuliko mingine, na ndiyo miezi ambayo mwalimu yule alichagua kuweka mahindi karibu na motokaa.

Panya mdogo aweza kupita katika tundu lenye upana wa milimita 6, yaani tundu ambalo kalamu ya risasi hupita kwa shida. Mtu akiutazama mlango wa gereji yake kutoka ndani wakati wa mchana, na akaona mwanga chini yake, basi ajue kwamba panya nao wameuona. Ukuta wa matofali yasiyopigwa lipu si kizuizi kwake, maana huupanda kama ngazi; nguzo ya mti huipanda vivyo hivyo.

Watu huuliza, motokaa ina nini cha kumvuta panya, kwa kuwa haina chakula? Kwa kweli ina mambo matatu ayapendayo. Ina giza, ina vyumba vidogo vidogo vya kujificha, na ikiwa imetoka kutembea ina joto. Huingia kupitia penye magurudumu, hupanda juu ya injini, kisha hufuata matundu ambamo nyaya na usukani hupita kuingia upande wa abiria. Njia nyingine ni ule uwazi ulio chini ya kioo cha mbele, ambao huingiza hewa safi ndani. Hupenda sana kujenga kiota ndani ya sanduku la kichujio cha hewa, kwa kuwa mna karatasi laini na mlango mmoja tu. Hujenga pia katika feni ya hewa, chini ya kiti cha nyuma, na ndani ya buti penye tairi la akiba.

Na kwa nini ale nyaya? Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, wala hayaachi kukua. Asipoyasaga kwa kutafuna vitu vigumu yatamzidi mdomoni. Kwake ganda la waya ni sawa na kijiti. Siku hizi yapo maneno kwamba motokaa za sasa zina nyaya zilizofunikwa kwa plastiki iliyotiwa soya, na kwamba utamu wa soya ndio umvutao. Huko Marekani wenye magari wamewashitaki watengenezaji mahakamani kwa ajili ya jambo hilo. Lakini mafundi wazee wajua vizuri kwamba panya alikula nyaya za motokaa tangu zamani, zilipokuwa zimefunikwa kwa mpira na nguo. Mwenye motokaa kuukuu asijidanganye kwamba yake iko salama.

Hasara si ya nyaya peke yake. Bomba la mpira la petroli likitobolewa, petroli hudondoka juu ya injini. Nyaya mbili zilizobaki uchi zikigusana hutoa cheche, na kiota ni majani makavu yaliyolala juu ya ekzosi itakayopata moto mkali baada ya dakika chache. Kwa hiyo mtu akitaka kuwasha motokaa iliyosimama zaidi ya wiki moja, sharti afungue boneti kwanza na kutazama. Kazi hiyo haizidi dakika mbili.

Dalili zake ni rahisi kutambua. Kinyesi cha panya mdogo hufanana na punje nyeusi ya mchele, na panya mmoja huacha punje 50 au zaidi kwa siku moja, hivyo hawezi kuficha habari zake. Harufu kali ya mkojo wakati feni inapofunguliwa ni dalili nyingine; na maganda ya mahindi juu ya betri hayakuletwa na upepo.

Sasa juu ya dawa. La kwanza, ambalo ni kubwa kuliko mengine yote, ni kuondoa chakula. Mtego hauna nguvu mbele ya magunia kumi na mawili ya mahindi. Nafaka, chakula cha kuku, chakula cha mbwa, mbegu za kupanda, hata sabuni ya kipande, vyote vitolewe gerejini. Na kama hapana budi kuviweka humo, vitiwe katika mapipa ya bati yenye vifuniko vinavyobana. Gunia la plastiki, hata lile nene lisilopitisha hewa ambalo linafaa sana kuzuia dumuzi, panya hulitoboa kwa usiku mmoja. Ghala lenyewe liinuliwe juu ya miguu yenye urefu wa walau mita moja, na kila mguu uvishwe kofia ya bati ili panya akipanda agonge kichwa na kurudi. Ndani ya motokaa vilevile pawe safi. Mara nyingi kilichomwita panya wa kwanza ni karanga chache zilizoangushwa na watoto katikati ya viti.

La pili ni kuziba. Chini ya mlango upigiliwe ukanda wa bati au wa mpira mgumu unaogusa sakafu. Matundu ya ukutani yajazwe sufi ya chuma, ile ya kusugulia sufuria, kisha yapakwe simenti juu yake; simenti peke yake ikiwa bado mbichi panya huichimba, na matambara huyachukua kuwa matandiko. Madirisha ya hewa yawekewe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku hauna faida, kwa kuwa panya mdogo hupita humo bila kupunguza mwendo. Nje ya gereji majani yafyekwe, na kuni zilizopangwa ukutani zipelekwe mbali, maana panya haendi mbali na kiota chake. Panya mdogo wa nyumbani kwa kawaida hutembea mita chache tu, tatu mpaka kumi, akiona chakula kiko karibu. Hapendi kuvuka uwanja mweupe usio na kificho.

Jambo hilo la kutokwenda mbali ndilo liwe kiongozi katika kutega. Watu wengi huweka mtego mmoja katikati ya gereji, wakangoja wiki nzima, kisha wakasema mitego haifai. Panya hutembea akiugusa ukuta kwa ndevu zake. Mtego uwekwe ukutani, ile sehemu yenye chambo ikielekea ukuta, na mitego iwe mingi, kila baada ya mita mbili au tatu, na mmoja karibu na kila gurudumu. Chambo kizuri ni karanga zilizopondwa, kiasi cha punje ya harage. Kikizidi, panya hula pembeni na kwenda zake. Mitego itazamwe kila asubuhi. Paka naye ni msaidizi mwema, ingawa paka aliyeshiba maziwa jikoni hana haraka ya kwenda gerejini.

Sumu ina mashaka yake. Nyingi katika zile ziuzwazo madukani huua baada ya siku kadhaa kwa kuifanya damu isigande. Katika siku hizo panya hurudi kiotani, na kama kiota kimo ndani ya mfereji wa hewa wa motokaa, atafia humo, na mwenyewe atasafiri na harufu hiyo mwezi mzima asijue pa kuitoa. Tena bundi, paka au mbwa akimla panya aliyelishwa sumu huweza kufa pia. Juu ya bundi, yafaa itajwe kwamba watu wengi humfukuza kwa mawe, wakisema ni ndege wa mikosi, hali yeye hula panya usiku kucha bila kudai mshahara. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya watoto. Sumu iliyochanganywa na mahindi yenye rangi, ikiachwa sakafuni, mtoto wa miaka miwili huiona kama kitu cha kula.

Kuna dawa nyingine zinazosifiwa sana. Chombo cha umeme kinachotoa sauti isiyosikika na binadamu huuzwa mijini kwa fedha nyingi. Mwaka 2001 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia haki za wanunuzi iliwaandikia barua watengenezaji na wauzaji wa vyombo hivyo zaidi ya 60, ikiwaonya kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Panya huogopa sauti hiyo siku za kwanza, kisha huizoea, kama watu waishio karibu na reli wanavyouzoea mngurumo wa treni. Mafuta ya mnanaa hunukia vizuri, lakini harufu huisha upesi. Naftalini, yaani vile vidonge vyeupe vya kabatini, haimfukuzi panya katika gereji yenye hewa. Na mtu akivifungia ndani ya motokaa, mvuke wake utawadhuru abiria kabla ya kumdhuru panya. Kwa baadhi ya watoto wachanga mvuke huo huweza hata kuharibu damu. Lililo na maana zaidi ni utepe wa kuzungushia nyaya uliotiwa ukali wa pilipili, ambao kampuni ya Honda ya Japani huuza kwa kazi hiyo hasa. Unafaa kwa nyaya zilizokwisha kutengenezwa mara moja, ila hauwezi kuzunguka motokaa nzima, na panya asiyependa pilipili atakwenda kwenye waya wa jirani.

Dawa isiyonunuliwa ni kuitembeza motokaa. Ikiendeshwa mara moja kwa wiki, kwa dakika 20 au 30, kiota hakipati kukamilika, na betri nayo hupata chaji. Wengi walilijua jambo hili kwa hasara mwaka 2020. Serikali ya Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi, tangu tarehe 6 Aprili mpaka mwezi wa Julai, motokaa za watu waliokwama upande mmoja zilikaa upande wa pili bila mtu wa kuziwasha. Paka akiondoka, panya hutawala.

Ikiwa motokaa haina budi kukaa miezi, kama mwenyewe anasafiri nchi za mbali, isafishwe vizuri ndani, vioo vifungwe kabisa, na zulia na matambara yatolewe. Waya wa betri ufunguliwe. Mdomo wa ekzosi na njia ya hewa ya injini vifungwe kwa wavu wa chuma. Watu wengine huacha boneti wazi ili mwanga uingie, na desturi hiyo si mbaya, kwa kuwa panya hupenda giza. Turubai la kufunika huzuia vumbi, lakini kwa panya ni hema, hasa likifika chini. Katika gereji nzuri halina haja. Jirani mwaminifu apewe ufunguo wa gereji atazame mitego.

Kama panya wamekwisha kuingia, kusafisha nako kuna namna yake, na hapa watu hukosea kwa haraka. Kinyesi na mkojo wa panya vina magonjwa. Mwaka 1902, Nairobi ilipokuwa bado mji mchanga wa reli, tauni ambayo hubebwa na viroboto wa panya ilileta hofu hata soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya wakubwa. Mwaka 2022 katika mkoa wa Lindi, Tanzania, watu kadhaa waliugua na watatu wakafa kwa ugonjwa wa leptospirosisi, ambao huenea kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo. Ugonjwa huo uliitwa homa ya mgunda. Kwa hiyo kiota kisifagiliwe kikiwa kikavu, wala kisipulizwe kwa pampu ya upepo, maana vumbi lake huingia puani. Milango ifunguliwe nusu saa hewa ipite. Msafishaji avae glavu za mpira na kitambaa cha pua, anyunyizie kiota maji yaliyochanganywa na jiki, kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, angoje dakika tano, kisha akiokote kwa karatasi na kukizika au kukichoma. Jiki isimwagwe juu ya nyaya na vyuma vya injini, kwa kuwa hula chuma. Huko kitambaa chenye maji ya sabuni chatosha. Kichujio cha hewa kilichokojolewa hakioshwi, hutupwa.

Yule mwalimu wa Trans Nzoia alijenga ghala la pili mwaka uliofuata. Gereji sasa ina motokaa, jeki, na mitego sita, wala hamna hata debe la mahindi. Kila Jumamosi motokaa hutembea mpaka sokoni na kurudi, hata kama hakuna cha kununua. Anaposafiri kwenda kwa mwanawe Mombasa, hutia wavu katika mdomo wa ekzosi, na kwa kuwa aliwahi kuusahau mara moja, siku hizi hufunga utepe mwekundu kwenye usukani, na juu ya utepe huo kuna karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: FUNGUA BONETI, TOA WAVU.